Defile ya muji: nani anatembea, nani anabaki kando ya barabara

Utangulizi

Katika vitabu vidogo vya desturi tumezoea kusoma juu ya mahari, kilio, majina ya watoto, na namna wazee walivyogawanya mashamba. Defile haisemwi sana. Wengi wanaona defile ni jambo la Serikali, haiko desturi. Sisi tunaona tofauti. Jambo ambalo babu, wazazi na watoto wamelifanya kwa miaka zaidi ya sitini, lenye nguo zake, chakula chake, nyimbo zake na mabishano yake, limekwisha kuwa desturi, hata kama lilianza kwa amri ya wengine.

Katika kurasa hizi tutafuata njia ya defile hapa kwetu Butembo na Beni, kutoka wakati wa wakoloni mpaka leo. Kisha tutavuka mupaka wa Kasindi ili tuangalie matembezi ambayo wasomaji wengi wameyasikia kwa redio au kwa simu tu, mara nyingi kwa hasira: matembezi ya Entebbe, Uganda, ya mwezi wa Agosti 2012. Wenyewe waliyaita Pride, ni kusema Fahari. Walikuwa watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja, na marafiki wao. Mwingine atauliza: mambo hayo yanaingia namna gani katika kitabu cha desturi zetu? Tunamuomba atembee nasi polepole. Swali letu ni moja tu, na linagusa muji wetu kama linavyogusa ule wa ngambo: wakati muji unatembea barabarani, unahesabu nani kuwa mutu wake?

1. Kutembea pamoja mbele ya kuja kwa defile

Wazee wetu hawakuwa na neno defile, lakini kazi yake waliijua. Tuchukue mufano wa olusumba. Vijana walitoka kijijini, wakakaa mbali na mama zao, wakatahiriwa, wakafundishwa. Siku ya kurudi haikuwa siku ya kujipenyeza nyumbani kimya kimya. Walirudi kwa kundi, na watu walitoka kuwapokea kwa nyimbo. Kijana aliondoka mutoto, akarudi mwanaume. Lakini hakuna aliyeweza kujiita mwanaume yeye peke yake. Ilipaswa watu wamuone akipita.

Bibi arusi naye vilevile. Hata leo, watu wa pikipiki wakisindikiza gari la harusi katika Butembo, wakipiga honi toka kanisani mpaka kwenye sala, kelele ile ina maana yake. Inasema: angalieni, hawa wawili sasa ni nyumba moja. Ndoa imeandikwa kwenye ofisi ya komini, imebarikiwa na padri au pasta, lakini bado inahitaji barabara.

Tuchukue hapo fundisho la kwanza. Kutembea pamoja ni namna ya kuomba kuonwa, na kuonwa ni namna ya kuhesabiwa. Wazee walisema mutu ni watu. Mutu asiyepokelewa na mutu yeyote, hata akiwa na nyumba na shamba, kuna kitu kinamkosa.

2. Tribine inafika

Mapadri wa Asomsio walifika katika eneo la Beni na Lubero mwaka wa 1929. Pamoja nao zikafika safari za matawi na za Sakramenti Takatifu, na watu wakajifunza kutembea kwa mistari, watoto mbele, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Karibu na wakati ule, kampuni ya madini ya MGL ilikuwa imeweka kambi mahali ambapo leo tunaita Butembo. Jina la MGL limebaki kwa mutaa mpaka leo. Kambi ikaleta wafanyakazi, wafanyakazi wakaleta soko, soko likaleta muji.

Siku kubwa ya Wabeljiji ilikuwa 21 Julai. Siku hiyo, bendera ilipanda, askari walipita, wanafunzi walipita, na mukubwa wa Serikali alisimama juu akitazama. Njo hapo tribine ilizaliwa. Katika olusumba, waliotazama walikuwa mama, wajomba na majirani. Katika defile ya mukoloni, aliyetazama alikuwa mutawala. Furaha haikukosa, juu watoto wanapenda ngoma popote. Lakini mutu hakutembea ili apokelewe na wenzake. Alitembea ili ahesabiwe na mukubwa.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, bendera ilibadilika, tribine ikabaki. Mobutu alichukua utawala tarehe 24 Novemba 1965. Tarehe 20 Mei 1967 chama cha MPR kikaanzishwa, na siku hizo mbili zikawa sikukuu kubwa kuliko zote. Kulikuwa animasio: watu waliacha ofisi, madarasa na mashamba, wakaimba na kucheza kwa kusifu chama na muongozi wake. Kutokwenda lilikuwa kosa. Mwalimu aliyekosa aliulizwa sababu, na jibu la kwamba alikuwa na kazi ya kusahihisha halikutosha. Mambo hayo yalipoa baada ya tarehe 24 Aprili 1990, wakati Mobutu mwenyewe alipotangaza kwamba chama kimoja kimekwisha.

Defile ya namna hiyo ina alama moja ambayo wanafunzi wetu wanaijua bila kufundishwa historia yake. Ukifika mbele ya tribine unageuza kichwa, unatupa mukono, unapita. Jirani aliye upande mwingine wa barabara anaona kisogo chako.

3. Furaha ya marafiki

Lakini tungesema uongo kama tungesema kwamba defile ni amri tu. Kama ingekuwa amri tu, ingekufa pamoja na MPR. Tujiulize juu ya nini ilibaki.

Tuangalie 30 Aprili, siku ya masomo katika inchi yetu. Juma mbili kabla, viwanja vya shule vinajaa vumbi au matope kwa sababu ya mazoezi. Wanafunzi ambao muchana hawasikii mwalimu wa hesabu, saa kumi wanamsikia mwenzao mwenye filimbi. Yule asiye na viatu vyeusi anaazima kwa kaka. Nyeupe ya shati na buluu ya suruali inafuliwa kama ya Komunyo ya kwanza. Asubuhi ya siku yenyewe wanafika kutoka Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, kila shule nyuma ya jina lake; na Beni vilevile, kutoka Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Kuna joto, kuna kungoja kwa saa nyingi, kuna hotuba isiyoisha. Lakini muulize mwanafunzi jioni. Hatasema neno moja la hotuba. Atasema nani alikosea hatua, fanfari gani ilishinda, na namna watu walivyopiga kelele wakati darasa lake lilipopita.

Siku ya 8 Machi inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Kundi la wamama marafiki, wa likelemba moja, wa soko moja au wa kwaya moja, wanachanga franga tangu Januari. Wananunua kikwembe cha rangi moja. Wanagombana kidogo juu ya mushono, kisha wanapatana. Tunawajua wamama hawa siku zingine: tunakutana nao barabara za kuingia Butembo, mugongo umeinama, kamba ya muzigo inabana paji la uso, mihogo au makala nyuma. Siku ile moja wanapita barabara ileile mikono mitupu, shingo wima, wakicheka. Nyuma ya defile wanaketi pamoja kwa bugali, sombe na nyama ya mbuzi. Wengine wanaongeza kasiksi. Kesho yake kamba inarudi kwenye paji la uso.

Kuna watu waliokasirikia siku hiyo tangu mwanzo, na bado wako. Waume walisema wamama wanakwenda kufundishwa kiburi. Wahubiri wengine walisema ni desturi ya Wazungu itakayovunja nyumba. Nyumba hazikuvunjika kwa sababu ya kikwembe. Ukimuuliza mama juu ya nini alitembea, hatakueleza habari za Umoja wa Mataifa. Atasema: “Tulipendeza.”

Neno hilo tulishike. Kupendeza mbele ya watu wa muji wako, pamoja na marafiki wako, si kiburi. Ni fahari. Kiburi kinasema: mimi ni juu yako. Fahari inasema: na mimi pia niko.

4. Barabara bila tribine

Inchi yetu imejua matembezi mengine yasiyokuwa na tribine. Tarehe 16 Februari 1992, wakristo wa Kinshasa walitoka na rozari, Biblia na matawi kuomba Mukutano wa Taifa ufunguliwe tena. Askari walipiga risasi, watu wengi wakafa. Tangu siku ile, Mukongomani anajua kwamba kutembea kunaweza kuwa sala, na kwamba kuna wanaoogopa watu wanaotembea bila kuamriwa.

Butembo nayo iliona yake. Mwisho wa Februari na tarehe 1 Machi 2001, muji ukiwa mikononi mwa waasi na inchi imekatwa vipande, mukutano mukubwa wa amani wa Afrika, SIPA, ulifanyika hapa. Wageni wengi wa Italia ambao walitaka kwanza kwenda Bukavu walikuja kwetu. Watu walijaa kuwapokea, wakakaa nao, wakasema amani mbele ya wenye bunduki. Miezi michache nyuma, tarehe 4 Oktoba 2000, Monsenyeri Emmanuel Kataliko alikuwa amekufa Roma. Yeye alikuwa askofu wetu tangu 1966 mpaka 1997, kisha askofu mukubwa wa Bukavu, na katika mwaka ule wa 2000 waasi walimfukuza Bukavu, wakamrudisha kwetu kama mufungwa. Muji ulimpokea kama mutoto wake. Hapo tena, barabara ilisema jambo ambalo ofisi haikutaka kulisema.

Beni inabeba muzigo muzito zaidi. Tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa katika muji na katika vijiji vyake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 ilikuwa zamu ya Rwangoma. Juu ya vita likaja gonjwa la Ebola, lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 toka Mangina. Kisha Desemba ile, wakati Wakongomani wote walingoja kupiga kura, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hazitachagua rais pamoja na wengine. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama.

Watu wa Beni walifanya nini tarehe 30 Desemba 2018? Walipiga mistari. Vijana walitengeneza vyumba vya kura wao wenyewe, wakaleta karatasi, wakaandika majina ya wagombea. Maelfu ya watu, waliotolewa kwenye hesabu ya taifa, walisimama juani wakingoja zamu ya kupiga kura ambayo hakuna mutu angeihesabu. Walinawa mikono kwanza, juu ya Ebola. Waliimba. Wengine walicheka na kupiga picha na marafiki. Mutu wa mbali angesema ni muchezo. Haukuwa muchezo. Walikuwa wanasema: mumetukata kwenye orodha, lakini sisi tuko, tuangalieni.

Aprili 2021, wanafunzi wa Beni walikaa siku nyingi mbele ya ofisi ya muji wakiomba amani na wakimuomba Rais afike. Tarehe 6 Mei 2021 ikaanza ile état de siège, na wanajeshi wakachukua nafasi ya viongozi wa raia. Tangu hapo, kutoka barabarani bila ruhusa ni kujitia hatarini, hata kama kifungu cha 26 cha Katiba yetu ya 2006 kinasema uhuru wa kuandamana unalindwa na kwamba wenye kuandaa wanapaswa tu kujulisha utawala kwa barua.

5. Kutoka New York mpaka Entebbe

Sasa tuvuke mupaka. Na ili tufike Entebbe, tuanzie mbali.

Usiku wa tarehe 28 Juni 1969, polisi wa New York, Marekani, waliingia katika baa moja inayoitwa Stonewall Inn, mahali ambapo watu wanaopenda wenzao wa jinsia moja walizoea kukutana. Polisi walizoea kuwakamata, na wao walizoea kuinamisha kichwa. Usiku ule hawakuinamisha. Vurugu ilidumu siku kadhaa. Mwaka moja nyuma yake, tarehe 28 Juni 1970, walitembea muchana katika barabara za muji mpaka bustani kubwa ya Central Park, bila kuficha uso. Siku mbili baadaye, Kinshasa ilifanya defile ya miaka kumi ya uhuru, na mfalme Baudouin alikuwapo. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili wakati ule. Sisi tunayaweka karibu juu ya neno moja: watu waliokuwa chini ya wengine walipita muchana, na wakaonwa.

Afrika ilingoja miaka ishirini. Tarehe 13 Oktoba 1990, katika Johannesburg, watu karibu mia nane walitembea. Walioandaa walikuwa chama cha GLOW, na kati yao Simon Nkoli na Beverley Ditsie. Nkoli alikuwa mupiganaji juu ya ubaguzi wa rangi. Alifungwa na kushitakiwa pamoja na viongozi wengine katika kesi kubwa ya Delmas, na ndani ya gereza ndipo aliwaambia wenzake ukweli wa maisha yake. Wengine walikasirika, wakataka ashitakiwe peke yake. Mwishoni walikaa naye. Siku ya matembezi, wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani, na matundu mawili ya macho, juu ya kuogopa kufukuzwa kazi au nyumbani. Walitaka kuonwa na waliogopa kuonwa, kwa saa ileile moja. Mwaka wa 1996 Katiba ya Afrika ya Kusini ikakataza kumubagua mutu juu ya jambo hilo. Nkoli akafa mwaka wa 1998, kwa ukimwi.

Miaka ile ya 1990, Muganda moja, David Kato, aliishi Johannesburg na kufundisha. Alikuwa mwalimu, kama sisi. Aliona inchi ikitoka katika ubaguzi, akarudi kwao mwaka wa 1998 akitumaini mambo kama hayo. Oktoba 2010, gazeti moja la Kampala lilitoa majina na picha za watu, na maneno ya kutaka wanyongwe. Kato na wenzake wawili, kati yao Kasha Nabagesera, walikwenda mahakamani. Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 ya mwezi uleule, Kato aliuawa nyumbani kwake kwa kupigwa nyundo kichwani.

Mwaka moja na nusu ulipita. Tarehe 4 Agosti 2012, Kasha Nabagesera na marafiki wakafanya Pride ya kwanza ya Uganda. Hawakuchagua barabara kubwa za Kampala. Walichagua Entebbe, bustani ya miti iliyopandwa na Waingereza tangu 1898, pale inaposhuka polepole kwenye maji ya ziwa. Watu walikuwa kama mia moja hivi. Kwa defile ya Butembo hiyo si hata shule moja. Walikuja na bendera za rangi za upinde wa mvua, na nguo zilizoshonwa kwa siku ile. Wengine walipaka rangi usoni, wengine walivaa vizibao vya kuchekesha. Kulikuwa muziki. Walitembea pamoja chini ya miti, wakacheza, wakakumbatiana, wakapiga picha. Watu waliozoea kukutana kwa siri katika chumba kimoja, mulango umefungwa, waliona jua la muchana juu ya uso wa rafiki.

Hakukuwa tribine. Hakuna aliyegeuza kichwa kuume. Waligeuza uso mumoja kwa mwingine.

Polisi walifika wakati furaha ikiendelea. Walikamata wachache, wakawapeleka kituoni, kisha wakawaachilia bila mashitaka. Waliobaki hawakusema kwamba siku imeharibika. Walisema mwaka ujao tena, na wakarudia.

Yaliyofuata tuyaseme haraka. Tarehe 24 Februari 2014 Rais Museveni alitia mukono sheria kali juu ya watu hawa. Tarehe 1 Agosti 2014 mahakama ya Katiba ikaivunja, juu wabunge hawakutimia hesabu siku ya kuipitisha. Siku nane baadaye, tarehe 9 Agosti, walitembea tena Entebbe, wengine na barakoa usoni, wengine uso wazi. Agosti 2016 polisi walivamia sherehe yao katika Kampala na kukamata watu. Mwaka wa 2017 walilazimika kuiacha Pride juu ya vitisho vya waziri. Tarehe 26 Mei 2023 sheria mpya ilitiwa mukono, yenye kifungo cha maisha na hata adhabu ya kifo kwa mambo fulani. Aprili 2024 mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame.

6. Mpondwe na Kasindi

Wafanyabiashara wetu wanavuka Kasindi kila siku, wanaingia Mpondwe, wanakwenda mpaka Kampala. Ni watu wa damu moja pande zote mbili za mupaka. Lakini sheria si moja, na tofauti hiyo ina historia.

Uganda ilirithi kwa Waingereza sheria ya adhabu inayofunga mutu kwa kile walichokiita jambo lisilo la asili. Waingereza waliipeleka sheria ya namna ileile katika makoloni yao mengi. Wabeljiji hawakuwa na kifungu hicho kwao, na kitabu cha sheria za adhabu cha Kongo cha mwaka wa 1940 hakikukiweka. Njo maana Kongo haina sheria inayotaja mapendo ya jinsia moja kuwa kosa. Mwisho wa 2013 muswada uliletwa bungeni Kinshasa kwa kutaka kuyafanya kosa, haukuwa sheria. Lakini vifungu juu ya kuharibu adabu vinaweza kutumiwa kumukamata mutu, na kifungu cha 40 cha Katiba kinasema ndoa ni ya mutu na mutu wa jinsia ingine. Kwa hiyo, kwetu mutu wa namna hiyo hafungwi kwa jina lake, lakini hana jina pia. Anaishi kati ya watu wasiouliza, naye hasemi.

Wengi wanasema: mambo haya yameletwa na Wazungu. Kwa mwalimu wa historia, hilo linahitaji kuangaliwa vizuri. Defile yenyewe ililetwa na Wazungu. Suruali ya buluu na shati nyeupe vililetwa nao. Sheria ya kufunga watu hawa, ngambo ya Mpondwe, iliandikwa nao. Sisi wote tunachagua katika vitu vilivyoletwa, kisha vile tunavyovipenda tunaviita desturi. Si vibaya kuchagua. Lakini tusiseme kwamba mutu aliyezaliwa na mama wa Uganda, akafundisha watoto wa Uganda, akauawa Uganda, alikuwa mugeni.

7. Tufundishe nini?

Tunajua kitabu hiki kinasomwa na watu wa imani, na makanisa yetu yana mafundisho yao juu ya ndoa. Hatukuandika kurasa hizi ili mutu aache fundisho lake. Na hatusemi kwamba kesho kutakuwa Pride kwenye barabara ya Butembo. Tunasema juu ya jambo lililo chini ya hayo yote.

Muji wetu unajua utamu wa kuonwa. Unaujua kwa kijana aliyerudi toka olusumba, kwa mama aliyependeza 8 Machi, kwa mwanafunzi anayehesabu siku mpaka 30 Aprili. Muji wetu unajua pia uchungu wa kukatwa kwenye orodha. Beni iliujua tarehe 30 Desemba 2018, ikasimama juani na karatasi yake isiyohesabiwa. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufasiriwa mambo ya Entebbe. Wale mia moja chini ya miti, na yale maelfu ya Beni, hawakuwa na shida moja, hawakuwa na imani moja, na pengine wasingekubali kukaa meza moja. Lakini neno walilolisema kwa miguu yao lilikuwa moja: na sisi pia tuko.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndivyo Waswahili wanavyosema. Katika kila darasa la watoto hamsini kuna mutoto anayebeba jambo asiloweza kumwambia mutu: huyu baba yake amekuwa muasi, yule mama yake ana virusi, mwingine moyo wake hauendi mahali wenzake wanapotarajia. Mwalimu hajui ni nani. Lakini mutoto anasikia namna mwalimu anavyocheka wakati darasa linacheka. Anasikia kama jina la matusi limepita bila kukatazwa. David Kato aliuawa na nyundo, lakini gazeti lilikuwa limetangulia, na mbele ya gazeti kulikuwa vicheko vingi ambavyo hakuna aliyevihesabu.

Basi, defile inayokuja, tunapopanga mistari, tuangalie pia kando ya barabara. Kuna wanaobaki pale kwa kukosa viatu, wengine kwa sababu nyumba yao imechomwa na hawana shule tena, wengine kwa sababu wanaogopa kwamba wakionwa watapigwa. Tribine haiwezi kuwaona, juu iko mbali na inaangalia mistari. Sisi tunaotembea, na ninyi mnaotazama mukiwa mumesimama bega kwa bega nao, tunaweza.